Bega la Mpagazi

Katikati ya karne ya 19, kijana wa Unyamwezi ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Hata awe na shamba lake na nguvu za kumshinda baba yake, mbele ya wenzake waliokwisha kuiona bahari alibaki mtoto. Richard Burton, Mwingereza aliyepita nchi hiyo mwaka 1857, aliandika kwamba kubeba mzigo mpaka pwani ndiko kulikokuwa kipimo cha uanaume kwao, na kwamba wavulana wadogo walitwishwa vipande vidogo vya pembe za ndovu ili bega lizoee mapema. Burton hakuwa mtu wa kuwasifu Waafrika. Vitabu vyake vimejaa dharau. Ndiyo maana ushuhuda wake katika jambo hili una uzito. Hakuwa na sababu yoyote ya kulipamba.

Leo kazi ya kubeba mizigo tumeiweka mwisho kabisa, chini ya kazi zote. Mzazi humtishia nayo mtoto asiyependa shule. Na tukiikumbuka misafara ya zamani, picha inayotujia ni ya mnyororo shingoni na kiboko mgongoni. Mnyororo ulikuwapo, na hakuna wa kuukana: watu walitekwa, wakauzwa, wakafa njiani kwa maelfu. Lakini katika barabara kuu ya kati, iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na watu wa mkataba. Walikubaliana ujira kabla ya kuondoka, walijua thamani ya bega lao, na walijua namna ya kuitetea. Hao ni miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza wa mshahara katika Afrika Mashariki, na kazi yao waliipenda. Kilichoigeuza kazi hiyo kuwa balaa hakikuwa uzito wa mzigo.

Njia yenyewe waliifungua wao. Kabla ya wafanyabiashara wa Unguja kuthubutu kwenda bara, Wanyamwezi walikwisha kuteremka pwani na pembe zao mwanzoni mwa karne ya 19, wakarudi na nguo, shanga na chumvi. Waarabu na Waswahili walifuata baadaye, wakipita katika njia zilizokwisha kukanyagwa, wakaweka kituo chao kikuu Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Pembe zilipofika Unguja ziliendelea hadi Bombay, London na Marekani, zikawa bangili, vitana, mipira ya biliadi na vibao vya piano. Kutoka huko zilikuja merikani, kaniki, shanga za kila rangi, waya wa shaba na bunduki. Na vitu vyote hivyo, kwenda na kurudi, vilipita juu ya mwili wa binadamu. Ng'ombe, farasi na punda walikufa kwa ndorobo. Mto wa kupitisha vyombo kutoka bara hadi pwani ya kati haukuwapo. Kulikuwa na bega tu.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila 2, yaani karibu kilo 32. Juu yake mpagazi aliongeza vyake mwenyewe: mkeka, chungu, kibuyu, unga wa siku mbili tatu, silaha. Ufungaji wa mzigo ulikuwa ufundi. Robota la nguo lilisokotwa likawa refu na jembamba, likaviringishwa jamvi, likabanwa kwa vijiti vilivyoachwa vichomoze upande mmoja. Vijiti vile vilikuwa na kazi yake. Mpagazi alipotaka kupumua aliusimamisha mzigo wima, akauegemeza kwenye mti, akautwaa tena bila kuinama na bila kumwita mtu wa kumtwisha. Na nguo haikugusa tope. Waya wa shaba ulibebwa kwa mzega, mti mmoja begani, koili moja mbele na nyingine nyuma. Mnyamwezi alibeba begani, na bega lake lilikuwa na sugu ambayo mtu wa pwani, aliyezoea kutwika kichwani, hakuwa nayo. Sugu hiyo ilikuwa cheti chake. Tajiri wa msafara aliyetaka watu hodari aliitazama kwanza.

Waliobeba pembe walitangulia wengine wote. Ndio waliokuwa na nguvu zaidi na majivuno zaidi, na ncha za pembe walizifunga kengele za ng'ombe ili zilie kwa kila hatua. Mbele yao alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, na huyu alivaa ili aonekane: kitambaa chekundu, ngozi ya mbega mgongoni, manyoya kichwani. Bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilipepea karibu naye, ngoma ikapigwa, baragumu likalia. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Aliyempita alichomolewa mshale podoni, ili wakifika kambini atambulikane na kutozwa faini. Kirangozi hakuwa bwana wa mtu. Alikuwa mpagazi mwenzao, aliyepewa heshima kwa kuijua njia, kujua maji yako wapi, na kujua maneno ya kumwambia mtemi mwenye nchi.

Safari ilianza alfajiri na kukoma kwenye saa 5 asubuhi, kabla jua halijakaa utosini. Hapo watu walikata miti na nyasi, wakajenga vibanda, wakaweka boma la miiba. Walikaa kwa makundi madogo madogo, kila kundi na chungu chake, mmoja akitafuta kuni, mwingine maji, mwingine akisaga. Mgonjwa alihudumiwa na wenzake wa chungu kimoja. Mizigo ilipangwa pamoja na kulindwa. Jioni, hata baada ya mwendo wa kuua, walicheza ngoma, na wasafiri wa Kizungu waliokuwa hoi kitandani walishangaa nguvu hizo zilitoka wapi.

Palikuwa na sehemu zisizo na maji, kama Marenga Mkali baada ya Mpwapwa, na Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyamwezi. Huko walikwenda terekeza: walipika na kula adhuhuri, wakaondoka jua likianza kuinama, wakatembea mpaka usiku, wakalala bila maji, na asubuhi wakakaza mwendo hadi kisimani. Ugogo kulikuwa na hongo. Kila mtemi alitaka nguo zake kabla ya kuruhusu msafara kupita na kuchota maji, na mazungumzo yangeweza kuchukua siku kadhaa. Ndani ya mazungumzo hayo, na katika kambi walizochangia watu wa makabila mbalimbali, utani ulipata njia ya kuenea. Mnyamwezi na Mzaramo waliokutana katika njia ya misafara walitukanana kwa mapenzi, wakazikana kwa heshima, na utani huo haujafa hadi leo.

Kutoka pwani hadi Tabora msafara mzuri ulichukua kama miezi mitatu. Burton, kwa maradhi na migogoro yake, alichukua zaidi ya miezi minne. Na migogoro hiyo inafaa tuikalie kidogo, kwa sababu ndiyo inayotuonyesha wapagazi walijiona nani.

Vitabu vya wasafiri wa Kizungu, kuanzia Burton na Speke hadi Stanley, vimejaa malalamiko juu ya wapagazi: wavivu, wakaidi, walafi, wanakimbia. Soma malalamiko hayo tena ukiuliza kila mara kilitokea nini kabla yake. Mara nyingi utakuta posho ilipunguzwa. Posho ilikuwa haki ya kila siku, kibaba cha nafaka au kipande cha nguo cha kununulia chakula, na haikuwa zawadi ya tajiri. Ilipocheleweshwa, wapagazi waliketi kando ya mizigo yao, wala hawakuondoka. Walipoongezewa mzigo zaidi ya ule waliokubaliana, waliuacha chini. Walipotakiwa kutembea terekeza baada ya siku mbili za mwendo mrefu, kirangozi alikataa kuinua bendera, na bendera isipoinuka hakuna anayesimama. Huo ni mgomo. Haukuwa na chama wala katibu, lakini ulikuwa na madai, ulikuwa na msemaji, na mara nyingi ulishinda, kwa sababu tajiri aliye katikati ya Ugogo na mizigo mia mbili na hana mtu wa kuibeba hana la kufanya ila kusikiliza.

Na waliotoroka? Walikuwapo wengi, hasa siku za mwanzo, baada ya kupokea malipo ya miezi ya mbele. Lakini hata Burton alikiri jambo moja: Mnyamwezi aliyeamua kwenda zake aliuacha mzigo. Alitoka usiku na mkeka wake na kibuyu chake, na asubuhi robota lilikutwa limesimama pale pale, kamba haijaguswa. Kuvunja mkataba ni jambo la mtu na tajiri wake. Kuiba mzigo kulikuwa jambo jingine kabisa, kulikomchafua mtu huyo na kuwachafua wote waliotoka kwao, na msafara unaofuata usingewaajiri. Mimi naiona hapo maadili ya kazi yaliyo safi kuliko mengi tunayoyahubiri leo.

Si wote waliokuwa huru. Walikuwapo watu wa pwani walioitwa waungwana, ambao baadhi yao walikuwa watumwa waliopangishwa na mabwana zao. Mshahara wao, ambao katika safari za Wazungu ulikaribia riale 5 kwa mwezi, waligawana na bwana aliyebaki Unguja akisubiri. Hata hivyo wengi waliikimbilia kazi hiyo. Safarini mtumwa alipata bunduki, jina, na miaka miwili ya kuishi mbali na macho ya bwana wake. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mdogo na kupelekwa India, alirudi akaitumikia misafara ya Burton, Speke, Stanley na Cameron kwa zamu. Wanne hao wana vitabu. Yeye alivuka bara zima pamoja na Cameron kati ya 1873 na 1875, na alikufa mwaka 1885.

Walikuwapo pia wanawake, na hawa wamesahaulika maradufu. Walifuatana na waume zao, wakabeba vyungu, unga na watoto, wakapika, na wengine walipata ujira wao wenyewe. Waliobaki nyumbani ndio waliolima. Bila jembe la mwanamke wa Unyamwezi, mwanamume asingeweza kukaa safarini nusu mwaka na kukuta nyumba imesimama.

Kama kuna tendo moja linaloonyesha wapagazi waliichukuliaje kazi yao, ni lile la mwaka 1873. Mmisionari na msafiri David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu, Zambia ya leo. Wazungu hawakuwapo. Bwana aliyewaajiri amekufa, mkataba umekufa naye, na pwani iko mbali zaidi ya kilomita 1,600. Wangeweza kumzika pale na kwenda zao, wala hakuna ambaye angewalaumu. Wakaketi, wakashauriana, na viongozi wao, Abdallah Susi na James Chuma, wakakubaliana na wenzao kumrudisha.

Walichofanya walikifanya kwa ustadi. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, aliupasua mwili. Moyo na viungo vya ndani vikazikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyekuwa msomi wao, akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili ukatiwa chumvi na kuanikwa juani kwa siku 14. Ukaviringishwa nguo, ukawekwa ndani ya gome la mti, ukashonewa turubai, ukafungwa kwenye mti wa kubebwa na watu wawili. Mali yote ya marehemu iliorodheshwa. Halima, mpishi wa msafara, alikuwa miongoni mwao njia nzima.

Walipofika Tabora Oktoba walikutana na Luteni Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Aliwashauri wamzike hapo hapo, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Baada ya Tabora wakaingia katika nchi ambayo watu wake hawakutaka maiti ipite. Hapo ndipo ufundi wa kazi ulipowaokoa. Wakatangaza kwamba wameukubali ushauri, na kwamba maiti inarudishwa Unyanyembe. Wakatengeneza furushi la uongo, wakalifunga kwa heshima zote, watu wakaondoka nalo mbele ya macho ya wanakijiji. Mbali porini wakalifungua na kulitawanya majanini. Mwili wa kweli wakaufunga upya ukawa robota la nguo kama marobota mengine, ukabebwa begani na kupita kijiji hadi kijiji bila mtu kuuliza. Mikono iliyofunga merikani maisha yote ilijua robota linapaswa kuonekanaje.

Waliingia Bagamoyo Februari 1874, miezi tisa baada ya kuondoka kwa Chitambo. Afisa wa Uingereza akaupokea mwili, wakalipwa ujira wao, wakaambiwa kazi imekwisha. Kati ya wabebaji wote hao, Wainwright peke yake ndiye aliyekuwapo Livingstone alipozikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamepita. Chama cha Kijiografia cha London kilitengeneza nishani 60 za fedha kwa ajili ya wabebaji; zilipofika Unguja wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika katika safari nyingine.

Sitaki kuipamba kazi hii kupita kiasi. Iliua. Ndui ilisafiri na misafara, na Burton alikutana na msafara uliokuwa ukiacha maiti njiani, wagonjwa wakijikokota nyuma bila wa kuwangoja. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilishuka na kupanda njia hizo hizo. Watu walikufa kwa kiu Marenga Mkali, kwa vidonda vya miguu, kwa mikuki. Lakini aliyerudi alirudi mtu. Karibu na kijiji bunduki zilipigwa, watu wakavaa nguo mpya walizozibeba bila kuzivaa miezi yote, vigelegele vikapokea. Alichokileta kilikuwa nguo, majembe ya kutolea mahari, shanga, na mambo ya kusimulia. Alikwenda kwa sababu alitaka kwenda. Kufikia mwaka 1890 inakadiriwa watu kama 100,000 walipita katika njia ya kati kila mwaka, na Bagamoyo, mji mdogo, ulifurika maelfu ya Wanyamwezi waliokuwa wakingoja mzigo wa kurudi nao.

Kisha mambo yakageuka haraka. Wajerumani waliishika nchi. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba, na mtu aliyekuwa akibeba ili ajenge jina akaanza kubeba ili asifungwe. Ndovu walipungua. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, ikaivuta biashara ya kaskazini. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, ikagusa Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilibeba mzigo wa mamia ya watu, na halikudai posho. Wanyamwezi, waliokuwa na sifa ya kuhimili kazi nzito, waliajiriwa kutandika reli yenyewe iliyowaondoa barabarani, na wengine wakaenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kukata majani kwa kipande cha siku 30. Ilikuwa kazi na ilikuwa mshahara. Kirangozi hakuwapo tena, alikuwapo mnyapara.

Ingeishia hapo, tungesema tu kwamba mashine ilimshinda mtu, kama ilivyotokea kwingine duniani. Haikuishia hapo. Mwaka huo huo reli ilipofika Kigoma, vita ya Wazungu ilianza, na bega la Mwafrika likahitajiwa tena.

Mapigano ya Afrika Mashariki yalikwenda kutoka Taita na Kilimanjaro hadi Rufiji, Lindi, Msumbiji, na kwisha Abercorn, Mbala ya leo, mnamo Novemba 1918. Jenerali von Lettow-Vorbeck alipigana akirudi nyuma, akiwavuta Waingereza mbali na reli. Magari yalizama katika matope ya masika. Farasi na maksai walikufa kwa ndorobo, kama walivyokufa siku zote. Zikabaki hesabu za kutisha. Mbebaji alichukua kama kilo 25 za chakula. Naye akila kilo moja kwa siku, basi safari ya siku 25, kwenda na kurudi, imeumaliza mzigo wote, na askari aliyeko mbele hajapata hata punje. Kwa hiyo walihitajika wabebaji wa kuwalisha wabebaji, na wengine wa kuwalisha hao. Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika miaka ile minne, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko. Wabelgiji walioiteka Tabora Septemba 1916 walikuja na wabebaji wao kutoka Kongo, wakaongeza wengine kila walipopita. Wajerumani walichukua wao bila hata kuandika majina.

Walichukuliwaje? Mwanzoni kwa mshahara. Lakini mshahara huo ulionekana mkubwa mno, ukakatwa mwaka 1915 hadi rupia 5 kwa mwezi, na sheria ikatungwa ya kuwalazimisha. Mwaka 1917 ulipofanyika mkamato mkuu nchini Kenya, machifu walipewa idadi ya kutimiza, na zaidi ya watu 100,000 walikusanywa kwa miezi michache. Vijana walifuatwa usiku majumbani. Wengine walilala porini. Waliofikishwa kambini walichukuliwa alama za vidole na kupewa kisahani cha chuma chenye namba cha kuvaa shingoni. Aliyetoroka sasa hakuwa mtu aliyevunja mkataba na tajiri. Alikuwa mhalifu wa kijeshi.

Chakula ndicho kilichowamaliza. Mtu aliyelelewa kwa ndizi, au mtama, au wimbi, alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, au mchele, akaambiwa apike mwenyewe mwisho wa siku, kuni zikiwa mbichi na mvua ikinyesha. Chakula hakikuiva. Kuhara damu kukawaua watu wengi kuliko risasi zilivyowaua askari. Katika mbuga za Rufiji, wakati wa mafuriko ya 1917, walikufa wengi. Oscar Watkins, ofisa aliyejua Kiswahili na aliyekabidhiwa kuwasimamia wabebaji wa Kenya, aligombana na wakubwa wa jeshi miaka yote ile juu ya unga, mablanketi na sufuria. Yaani alidai posho, kile kile ambacho kirangozi wa Mnyamwezi alikipata kwa kuketi chini ya mti na kukataa kuinua bendera.

Waliokufa upande wa Waingereza wanakadiriwa kupita 95,000, na wapo wanahistoria wanaoona idadi hiyo ni ndogo. Wa upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa. Homa ya mafua ya 1918 iliwapokea waliorudi na kuua tena. Waliosalimika Kenya walikuta wanadaiwa kipande, yaani hati ya kitambulisho, cha kubeba shingoni, kodi imepanda, na mwaka 1921 walowezi wakapunguza mishahara. Mwanasiasa wa Kenya Harry Thuku alipoanza kusema hadharani juu ya mambo hayo, katika umati uliomsikiliza hawakukosekana waliokuwa vitani.

Ukabaki mshahara wa marehemu. Maelfu walikufa bila kulipwa, na jamaa zao hawakujulikana, kwa sababu namba ya kisahani haikusema mtu huyu ni mwana wa nani. Maofisa waliokuwa Kenya waliomba fedha hizo zirudishwe kwa watu waliotoa vijana wao. Mabishano yakaendelea kwa miaka, na Hazina ya Uingereza ikakataa.

Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, walilikuta jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga kabla ya vita, wakalifanya kambi ya wabebaji. Mahali hapo ndipo Kariakoo yetu, iliyopata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wabebaji, Carrier Corps kwa Kiingereza, na yenye soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Nairobi nayo ina Kariokor, jina la asili hiyo hiyo. Sanamu zilizosimamishwa miaka ya 1920 hazikuwatendea sawa: ya Nairobi ina mbebaji kati ya watu wake watatu, ya Dar es Salaam, pale Posta, ni askari peke yake na bunduki yake yenye singe, wakati waliobeba risasi za bunduki hiyo walilala kwa maelfu umbali wa nusu saa kwa mguu.

Kazi yenyewe haijafa. Kilimanjaro, wagumu hupanda kila siku na mahema, mitungi ya gesi na chakula cha wageni, na getini mizigo hupimwa isizidi kilo 20. Wengi wao wanajivunia mlima wao, na hasa wanapolipwa walichoahidiwa. Manung'uniko yao yakisikika ni yale yale ya Ugogo: ujira mdogo, chakula kidogo, na mtu wa kati aliyekula sehemu yao.

Hatuna majina ya wengi wa watu wa 1917. Tunazo namba, na namba hizo zilichorwa kwenye visahani vya chuma vilivyorudi vijijini na waliobahatika. Vingine bado vimo katika masanduku ya bibi zetu, au vimetobolewa vikawa vishikio vya funguo. Ukikiona kimoja kwenu, usikitupe na usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Muulize mkubwa wa nyumba kilikuwa cha nani, mtu huyo alitoka kijiji gani, alichukuliwa na nani, alirudi vipi. Andika jina lake kamili, kisha upeleke kisahani na karatasi hiyo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam au Nairobi, wakati bado yupo mtu anayelikumbuka jina hilo.